Kibandiko kisicho na gundi: miezi minne na nyayo za mjusi kafiri

Kibandiko hiki nilikinunua ili kinishikie simu kwenye kigae cha juu ya sinki, nisome maelezo ya mapishi huku mikono imelowa. Nilipokitoa kwenye pakiti nilivunjika moyo. Kidole kinapita juu yake bila kunata hata kidogo, kama unagusa mpira laini tu. Nikajua nimeuziwa kitu bandia.

Kumbe kimeiga nyayo za mjusi kafiri, naye hana gundi miguuni. Vidole vyake vimejaa vinyweleo, na kila kinyweleo kinachanua kuwa mamia ya ncha, kila ncha ikiwa na upana wa nanomita 200 hivi (nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita). Ncha hizo hulala karibu sana na ukuta hadi molekuli za pande zote mbili zikavutana. Wataalamu huita mvuto huo nguvu za van der Waals. Mwaka 2000 mwanabiolojia Kellar Autumn na wenzake walipima nguvu ya kushika ya kinyweleo kimoja wakapata mikronyutoni 200 hivi, yaani kinaweza kubeba sisimizi. Mjusi mmoja anavyo mamilioni.

Kibandiko changu kina vinguzo vya silikoni vilivyoinama upande mmoja, na hapo ndipo nilipokosea mwanzoni. Nilikisukuma moja kwa moja ukutani, kikaanguka. Unatakiwa ukikandamize, kisha ukivute chini kidogo ili vinguzo vilale. Mjusi hufanya vivyo hivyo kila anapokanyaga. Kukibandua, inua ukingo wa chini taratibu: kinaachia chenyewe, kigae kinabaki safi. Jambo hilo bado linanifurahisha kila siku.

Kwenye kioo, kigae na mlango wa friji sina lalamiko. Kwenye ukuta wa rangi wenye chenga hakifai, maana vinguzo hugusa vilele tu. Adui mkubwa ni vumbi na mafuta. Wiki ya tano simu iliteleza ikatumbukia kwenye sinki. Mjusi husafisha nyayo zake kwa kutembea tu, lakini hiki lazima ukioshe kwa maji na kukiacha kikauke kabisa. Tangu nianze kukiosha kila Jumamosi, hakijaanguka tena.

Angalia pia picha ya mjusi kwenye pakiti isikudanganye. Tepe nyingi zenye picha hiyo ni jeli inayonata. Iguse kabla ya kulipa: ikikung'ang'ania kidoleni, hiyo ni gundi.

Nyota nne kati ya tano. Moja nimeipunguza kwa sababu maelezo ya kuosha hayakuandikwa popote kwenye pakiti.