Asubuhi Moja na Saisi: Tathmini ya Somo la Farasi kwa Waandishi wa Hadithi

Mwandishi wa Mombasa anayetaka kumtia punda katika hadithi yake hana haja ya kwenda mbali, kwa kuwa punda amemwona tangu utotoni, akibeba madumu ya maji au akipita kwa telki katika vichochoro vya Lamu. Farasi ni jambo jingine. Mbung'o, anayeeneza maradhi ya nagana, aliwazuia farasi kustawi katika sehemu kubwa ya bara iliyo nyuma ya pwani yetu, na ndiyo maana wengi wetu tumemjua mnyama huyu kwa kumtazama kwenye skrini, kisha tukamwandika kwa kukisia. Kwa hiyo nilipoambiwa kwamba kikundi kimoja cha wafugaji ng'ambo ya Daraja la Nyali, ambacho kwa kawaida huwapandisha wageni farasi ufukweni, sasa kinatoa somo la saa 2 kwa waandishi, wachoraji na yeyote anayetaka kumjua farasi bila kumpanda, nililipa shilingi 2,500 siku ile ile. Waliniuzia pia karatasi ya maelezo yenye kurasa 4 kwa shilingi 300 zaidi. Niseme mapema kwamba somo linastahili bei yake na karatasi haistahili.

Nilikwenda na shida mahususi. Ninaandika riwaya ambayo sehemu yake hutokea mwaka 1840 ndani ya merikebu Sultana, ile iliyotumwa na Sayyid Said kutoka Unguja hadi New York chini ya mjumbe wake Ahmad bin Na'aman, na ambayo miongoni mwa zawadi zake kwa Rais wa Marekani walikuwamo farasi 2 wa Kiarabu. Mhusika wangu ni kijana wa Mombasa aliyeajiriwa kuwatunza farasi hao baharini. Nilikuwa nimekwisha kuandika sura 3, na katika sura ya pili nilimsifu mmoja wa farasi kwa kusema kwamba alikuwa wa rangi ya dhahabu, mwenye singa nyeupe, yaani nywele za shingoni, zilizopepea kama tanga. Sentensi hiyo niliipenda sana.

Somo lilitangazwa kuanza saa 12 na nusu asubuhi, likaanza saa 1 na dakika 10, kwa sababu farasi walikuwa bado wanakula na hakuna aliyekuwa tayari kuwakatiza. Tulikuwa wanafunzi watatu: mimi, mchoraji wa vitabu vya watoto, na kijana anayeandika michezo ya redio. Mwalimu wetu alikuwa saisi, yaani mtunza farasi, mzee aliyeitumikia kazi hiyo maisha yake yote na ambaye hakuwa na daftari wala picha ya kuonyesha, ila farasi 4 waliofungwa kivulini chini ya minazi.

Alianza na rangi, na hapo ndipo nilipoanza kuona thamani ya fedha zangu. Farasi wa kwanza alikuwa na mwili wa hudhurungi inayong'aa, lakini singa zake, mkia wake na miguu yake kuanzia magotini kwenda chini vilikuwa vyeusi. Wa pili na wa tatu walikuwa wekundu wa kutu mwili mzima, pamoja na singa na mkia, bila weusi wowote. Mmoja amekolea hadi kufikia ile rangi tunayoiita damu ya mzee, mwingine mwepesi zaidi. Kwa jicho langu la asubuhi ile wote watatu walikuwa farasi wa kahawia, na hivyo ndivyo ningewaandika. Saisi alikataa neno hilo kwa upole. Alitueleza kwamba Waarabu humwita wa kwanza kumait na wale wengine ashqar, na kwamba mtu wa farasi hawezi kuwachanganya hata kwa mbali, kwa sababu hutazama ncha za mnyama kabla ya kutazama mwili. Tangu siku hiyo nami nimekuwa nikiangalia ncha kwanza, na nashauri kila mwandishi aanzie hapo: singa, mkia, miguu, masikio.

Sababu ya tofauti hiyo, ambayo saisi hakuifundisha lakini niliyokuwa nimeisoma, ni kwamba manyoya ya farasi yana rangi za asili 2 tu, nyeusi na nyekundu, na kila rangi nyingine hutokana na jinsi hizo 2 zinavyogawanywa au kupunguzwa makali. Farasi mwekundu hana uwezo wa kutengeneza weusi katika manyoya yake, hivyo dume na jike wekundu huzaa wekundu watupu. Kijana wa michezo ya redio aliposikia hayo alishika kichwa, kwa maana katika mchezo wake wazazi wekundu walikuwa wamezaa mtoto mweusi kama mkaa na ukoo mzima ukafanya sherehe. Mchoraji akamwambia asibadilishe kitu, ila aongeze dume wa jirani aliyeruka ua. Nadhani mchezo utakuwa bora zaidi.

Farasi wa nne alikuwa jike mweupe, au tuseme ndivyo tulivyoamini sote. Saisi aliomba ndoo, akachovya sifongo majini, akamlowesha ubavuni, na pale manyoya yalipolala ngozi iliyoonekana chini yake ilikuwa nyeusi tii. Kisha akatuonyesha pua na kingo za macho, nazo nyeusi vilevile. Huyu, alisema, ni farasi wa kijivu aliyezeeka. Alizaliwa akiwa na rangi ya giza, akaanza kuchanganyika mvi, akapitia miaka ya madoa ya duara mfano wa sarafu, na mwisho akawa mweupe. Mweupe wa kuzaliwa, mwenye ngozi ya waridi chini ya manyoya, ni adimu sana. Kwa mtunzi wa hadithi hili si jambo dogo, kwa kuwa rangi ya farasi wa kijivu ni kalenda: mhusika aliyeondoka nyumbani akimwacha farasi wa madoadoa, akarejea baada ya miaka 10, hana budi kumkuta ameshaenda weupe. Tena, kijivu hakizuki bila asili. Mmoja wa wazazi ni lazima awe na kijivu hicho hicho.

Hapo nikajipa moyo nikamsomea saisi sentensi yangu ya dhahabu. Alisikiliza hadi mwisho, akauliza, "Huyo wa Uarabuni, mwanangu?" Nikaitikia. Akasema kwamba amewatunza farasi wa Kiarabu wa kila umri na wa dhahabu mwenye singa nyeupe hajapata kumwona hata mmoja. Alikuwa sahihi, na nilipaswa kulijua hilo mwenyewe: dhahabu ile hutokana na kitu katika damu kinachopunguza makali ya rangi nyekundu, na farasi halisi wa Kiarabu hana. Ukiikuta kwa farasi, basi amechanganyika na kabila jingine. Nilikuwa nimeandika zawadi ya mtawala kwa mtawala, farasi wa nasaba teule, na rangi niliyompa ilimtoa katika nasaba hiyo kwa sentensi moja.

Sehemu ya pili ilihusu mwili, na ilifundishwa kwa mkono zaidi kuliko kwa mdomo. Saisi alitutaka tuushike mguu wa mbele kwenye kile kiungo ambacho kila mtu hukiita goti, kisha tukishike kiwiko cha farasi, ambacho kimefichika juu kabisa, karibu na kifua. Ukishavigusa vyote viwili huwezi tena kudanganyika: hilo tunaloliita goti ni mahali pa kifundo cha mkono wetu. Kwa mguu wa nyuma ni vivyo hivyo. Kiungo kile kilichochongoka katikati ya mguu, ambacho katika rasimu yangu nilikiita goti lililopinda kinyumenyume, ni kisigino, nalo goti lenyewe liko juu, limebanwa na tumbo. Farasi anatembea juu ya ncha za vidole, kidole kimoja kwa kila mguu, na ukwato ndio ukucha wake. Lugha inaweza kuendelea kusema goti la mbele, kwa kuwa hata masaisi husema hivyo, lakini mwandishi anayejua kilichomo ndani hatamwandika farasi akipiga magoti kama muumini.

Alinyanyua ukwato wa yule jike, akauweka juu ya paja lake, akachukua chuma cha kuchokolea na kuondoa mchanga uliokandamana humo. Ndani ilionekana sehemu laini ya umbo la pembetatu, yenye kubonyea kidogo, kama mpira wa tairi uliochakaa. Harufu yake ni ya kitu kilicholowa na kufungiwa, na sikuwahi kuisoma katika hadithi yoyote. Kijana wangu wa merikebuni sasa ana kazi ya kufanya kila asubuhi, na ninajua mikono yake itanuka nini.

Mengine yalikwenda upesi. Farasi hupumua kwa pua peke yake, kwa hiyo yule farasi wangu aliyekuwa akihema kinywa wazi baada ya mbio alifungwa kinywa papo hapo; kinachopanuka ni matundu ya pua. Hatapiki, na hilo lilinifutia ukurasa mzima wa kichefuchefu cha baharini. Husinzia akiwa amesimama, ingawa usingizi mzito humtaka alale chini. Lijamu, kile chuma cha kinywani cha kumwongozea, haiumwi na meno, hukaa katika pengo lililopo kati ya meno ya mbele na magego. Haoni kitu kilicho nyuma yake moja kwa moja wala kilicho karibu kabisa mbele ya paji la uso wake, na ndiyo sababu saisi alimkemea mchoraji aliyetaka kupita nyuma ya mkia ili apate pembe nzuri ya kuchora. Juu ya mwendo tulipewa machache mno: tuliuona mwendo wa kawaida na mwendo wa matiti, yaani mbio za polepole, lakini shoti tulihadithiwa tu, na nafikiri hiyo ni kasoro, kwani wanaoandika farasi wengi wanataka wakimbie.

Sasa karatasi. Imechapwa vizuri, kwa rangi, na mchoro wake wa mifupa ni wa kuaminika. Lakini inasema kwamba kimo cha farasi hupimwa kwa shibiri, na kwamba farasi wa kawaida huwa na shibiri 15. Kipimo cha watu wa farasi ni upana wa kiganja, yaani inchi 4, ambazo ni kama sentimita 10, na hupimwa kutoka ardhini hadi kilele cha mabega pale shingo inapokutana na mgongo. Viganja 15 ni karibu sentimita 152. Shibiri, kila fundi nguo wa Mombasa anajua, ni urefu kutoka ncha ya kidole gumba hadi ncha ya kidole cha mwisho mkono ukiwa umetanuliwa, kama sentimita 23, na mnyama wa shibiri 15 angekuwa na zaidi ya mita 3 mabegani, akichungulia watu ghorofani. Ukurasa wa rangi nao umemweka farasi wa kijivu chini ya jina "mweupe", pembeni mwa picha ambayo pua yake nyeusi inaonekana waziwazi. Niliwaeleza wahusika kwa adabu. Walinishukuru, na nakala wanazouza bado ni zile zile.

Kwa atakayekwenda: vaeni viatu vilivyofungwa mbele, msijipake manukato makali, na chagueni siku ya katikati ya wiki, kwa kuwa mwisho wa wiki watalii huwa wengi na saisi hukatizwa kila mara. Mwombeni awaonyeshe meno, jambo ambalo sisi hatukufikia. Pelekeni pia maandishi yenu, hata kama ni aya moja, mkamsomee, kwa sababu maswali yake yana faida kuliko maelezo yake.

Farasi wa dhahabu nimemfuta. Mahali pake merikebuni yupo kumait mwenye nyota nyeupe kwenye paji la uso, na pembeni yake yupo wa kijivu wa miaka 5, ambaye mbavuni bado ana madoa ya sarafu, na kijana wangu humlowesha kwa sifongo kila jua linapokuwa kali na kuiona ngozi nyeusi ikijitokeza chini ya maji.