Dawa ya kusukutua ya benzidamini, mzee wetu ameitumia wakati wa mionzi

Kama uko na mgonjwa wa kansa ya koo anayepigwa mionzi soma hii kabla hujaenda kemisti. Babangu alitibiwa hapa Nakuru, vipindi 35, Jumatatu hadi Ijumaa kwa wiki 7, na wiki ya kwanza alikuwa anakula ugali na kuku vizuri kabisa mpaka tukaona kumbe si kubaya. Wiki ya tatu mionzi ilikuwa imemtoa vidonda mdomoni, hata kumeza mate alikuwa anafumba macho na kushika meza.

Mimi kwa haraka nikanunua ile dawa ya mdomo ya kawaida ya kuondoa harufu, muuzaji hata hakuuliza ni ya nani, kumbe ina pombe ndani. Mzee aliitema kwa sinki machozi yakimtoka na mpaka leo nikikumbuka naumia.

Daktari wake ndiye aliandika hii ya benzidamini. Anapima mililita 15, anasukutua nusu dakika, anatema, hamezi, na siku ikimwasha sana tulikuwa tunaizimua na maji kiasi sawa. Haimalizi maumivu yote, nisikudanganye, lakini mdomo unakufa ganzi kidogo na hapo hapo unamletea uji, usingoje. Uji wetu ulikuwa wa wimbi, mwepesi, wa maziwa, vuguvugu, na ndimu tuliisahau kabisa.

Katikati ya dozi anasukutua maji ya chumvi: lita moja ya maji yaliyochemshwa yakapoa, kijiko kimoja cha chai cha chumvi na kimoja cha beking soda. Beking soda ya keki jameni, sio magadi ya kupikia githeri, shangazi alikuwa karibu kuyatia! Hii ya bei rahisi ilisaidia karibu sawa na ya chupa, hasa usiku mate yakiwa mazito kama gundi.

Ukiona utandu mweupe kwa ulimi ama homa, rudi kwa daktari, babangu alipata huo utandu na ulihitaji dawa yake tofauti.

Nyota 4 kati ya 5. Chupa inaisha haraka na bei inauma, na sisi tulianza tumechelewa, uliza daktari kuihusu kabla vidonda havijatoka. Na usishtuke mionzi ikiisha vidonda vikakaa, vyake vilikaa wiki mbili vikiwa vile vile ndio vikaanza kupoa. Jumapili amekula chapati, ameiloweka kwa mchuzi mpaka ikalainika, lakini ameimaliza.