Asali yangu ilipata wateja nilipoweka bei wazi: uzoefu wangu na WhatsApp Business na Google Maps

Nauza asali ya Tabora hapa Tabata, Dar es Salaam. Mjomba wangu yuko Sikonge. Yeye ndiye anayerina na kunitumia madumu ya lita 20 kwa basi. Mimi nachuja, napima, nafunga kwenye chupa na kubandika lebo. Kwa miaka mingi wateja wangu walikuwa majirani, wenzangu wa kanisani na watu niliokutana nao kwenye maonyesho ya Sabasaba. Leo chupa nyingi zinazotoka hapa zinaagizwa na watu ambao sijawahi kuonana nao. Naandika haya kwa ajili ya mwenzangu mwenye biashara ndogo anayejiuliza fedha yake kidogo aiweke wapi mtandaoni.

Mimi nilianza vibaya. Mwaka 2021 nilimlipa fundi mmoja shilingi 450,000 anitengenezee tovuti. Kwa macho ilipendeza: picha za nyuki na maua, maelezo marefu kuhusu sisi, fomu ya mawasiliano. Mwaka mzima fomu ile iliniletea barua pepe mbili. Mama anayetaka asali ya kikohozi saa mbili usiku hakai kujaza fomu, anatafuta namba ya simu. Kibaya zaidi, jina la tovuti, lile linaloishia na .co.tz, fundi alikuwa amelisajili kwa jina lake na kwa barua pepe yake. Muda wa kulilipia tena ulipofika, simu yake ikawa haipatikani na mimi sina pa kuingilia. Jina likapotea, na lebo 300 nilizokwisha kuchapisha zikabaki na anwani isiyofunguka. Iliniuma sana. Ukitengenezewa tovuti, jina lisajiliwe kwako, na nywila zote ukabidhiwe siku ileile unayomlipa fundi.

Baada ya hapo nikahamia WhatsApp Business. Ni programu ya bure iliyotoka mwaka 2018, na ni tofauti na WhatsApp ya kawaida, kwa hiyo kwenye simu yangu ya laini mbili namba ya nyumbani na ya biashara zinakaa pamoja bila kuchanganyika. Kilichonivuta ni katalogi, yaani orodha ya bidhaa zako pamoja na picha zake. Unaweza kuweka bidhaa hadi 500. Mimi nina sita tu, na zimenitosha.

Mwanzoni niliweka picha bila bei. Nilikuwa nimeona wauzaji wengi wa Instagram wanaandika "bei njoo inbox", nikadhani ndio utaratibu, na pia nilihofia wenzangu wa soko wasije wakanishushia. Matokeo yake kila siku nilipokea "Bei?" kama ishirini hivi. Mikono yangu ikiwa imejaa asali sishiki simu, najibu baada ya saa nzima, na aliyeuliza ameshanunua kwingine au hamu imemwisha. Siku moja nikaamua: nusu lita 10,000, lita moja 18,000, asali ya nyuki wadogo nusu lita 20,000. Nikaandika vilevile kwamba usafiri wa boda ni juu ya mteja. Ujumbe ulipungua nusu kwa nusu, nikaogopa. Lakini waliobaki walikuwa wanaandika, "Dada, naomba lita mbili, niko Segerea." Hao ni wanunuzi, bei wameshaiona na wameikubali kabla hawajanisalimia. Mauzo ya mwezi ule yalipita ya mwezi uliotangulia, na tangu hapo sijaficha bei.

Kitu cha pili kilichonisaidia ni majibu ya haraka. Unaandika jibu mara moja, unalipatia jina fupi, kisha ukiandika alama ya mkwaju (/) na jina lile, jibu lote linatokea. La kwangu linalotumika kuliko yote linaitwa "/ganda". Wanaouza asali watanielewa. Mwezi wa sita na wa saba, baridi ikishika Moshi, Iringa na Mbeya, simu inajaa picha za chupa zilizoganda, na maneno mazito: "Dada, umeniuzia sukari." Zamani nilikuwa natetemeka, naandika maelezo upya kila mara, mengine kwa hasira. Sasa mteja anapata maelezo yaleyale yaliyotulia: asali halisi nayo huganda kwa sababu ya glukosi iliyomo, inategemea nyuki wamekula maua gani na hali ya hewa ikoje, weka chupa kwenye maji ya uvuguvugu, usichemshe, italainika taratibu. Kisha nampigia simu mwenyewe, kwa sababu mtu anayedhani ametapeliwa anahitaji kusikia sauti.

Jingine linaitwa "/mtoto". Mtoto aliye chini ya mwaka mmoja hapewi asali, hata ya kulamba. Najua wapo wauzaji wanaoikwepa habari hii. Mimi huituma kwa kila anayesema anamnunulia mwanawe, na nimekosa mauzo kadhaa kwa sababu hiyo. Sijutii hata moja.

Salamu ya moja kwa moja nayo ina kazi ukiijaza vizuri. Programu huituma kwa anayekuandikia mara ya kwanza, au aliyekaa kimya siku 14. Ya kwangu ilikuwa "Asante kwa kuwasiliana nasi, tutakujibu hivi punde", maneno yasiyomsaidia mtu. Sasa inasema tupo Tabata, bei ziko kwenye katalogi, mikoani tunatuma kwa basi, na inamalizia kwa swali: "Unaagiza ukiwa wapi?" Akijibu swali hilo tu, oda imeshaanza kutembea.

Kwa wateja wa mikoani, hofu yao kubwa ni kutuma hela kisha mzigo usionekane. Naielewa. Kwa hiyo wanalipia kwa Lipa Namba, ambapo jina la biashara linatokea kabla hawajaweka namba ya siri. Nikifika kituo cha Magufuli pale Mbezi, namtumia mteja picha tatu: mzigo ulioandikwa jina lake, risiti, na basi lenyewe namba zikionekana. Hakuna tangazo nililolipia lililowahi kuniletea wateja kama picha hizo, kwa sababu mteja akishapokea huwaonyesha wenzake.

Google Maps ilichukua nafasi yake polepole. Kusajili biashara ni bure. Mimi niliombwa video ya uthibitisho, nikatembea na simu kuanzia barabarani, nikaonyesha kibao changu cha bati, mlango, hadi meza ya kufungia chupa. Faida niliiona mtu wa boda alipofika mlangoni bila kunipigia hata mara moja kuuliza "nikate wapi". Rekebisha saa za kufungua wakati wa sikukuu, maana mtu akija akakuta umefunga harudi tena.

Pale nilipata pia nyota moja. Mteja aliandika kwamba asali yangu ni maji na ina uchachu. Alikuwa amenunua ya nyuki wadogo, ambayo kwa kawaida ni nyepesi na ina uchachu kiasi, na kosa lilikuwa langu: kwenye katalogi sikueleza. Nilimjibu palepale hadharani, nikamwomba radhi, nikaongeza maelezo kwenye picha ya bidhaa. Hakubadilisha nyota yake. Lakini wateja wawili waliniambia wamekuja kwa sababu ya jibu lile.

WhatsApp Business naipa nyota nne. Ya tano naizuia kwa sababu orodha ya kutuma ujumbe kwa wengi inapokea watu 256 tu, na inawafikia wale waliohifadhi namba yako peke yao. Stetasi nayo ni hivyohivyo, tena hufutika baada ya saa 24. Ndiyo maana kila chupa yangu ina maandishi "Hifadhi namba hii". Pia washa leo uthibitishaji wa hatua mbili, yaani namba ya siri ya ziada inayolinda akaunti yako. Nilishapigiwa na mtu aliyejifanya mteja akiniomba nimsomee namba zilizoingia kwenye simu yangu, na ningemsomea ningepoteza akaunti na oda zote zilizokuwa humo.

Mwezi huu nimesajili upya jina la .co.tz, kwa jina langu na barua pepe yangu. Ukurasa utakuwa mmoja: bei, ramani, namba ya WhatsApp, na picha ya mjomba akiwa na mzinga wake. Lebo mpya sijachapisha. Nasubiri kwanza nione ukurasa unafunguka.