Wiki sita za PHP jioni, Moshi mjini: nilikwenda kutafuta maana ya $this

Mimi ni karani wa chama cha msingi cha wakulima wa kahawa, upande wa Kibosho. Kumbukumbu zetu ziko kwenye kaunta buku: jina la mkulima, kilo alizoleta, alicholipwa, anachodai. Msimu ukichanganya, kutafuta ukurasa wa mtu mmoja kunakula muda huku foleni nyuma yake inazidi kurefuka, na wengi kwenye foleni ile ni wazee. Nikaamua nijifunze PHP, lugha ya kuandikia programu za tovuti, nitengeneze mfumo mdogo wa chama. Kwa simu, peke yangu, nilifika kwenye fomu, vigeu (majina ya kuhifadhia thamani) na mizunguko (amri za kurudia kazi). Kwenye klasi (ramani ya kitu) na obijekti (kitu chenyewe kinachoundwa kwa ramani hiyo) nikakwama miezi mitatu. Video zote nilizoangalia zilifundisha kwa magari na wanyama, mbwa anabweka, paka analia, nami sikuona mbwa anaingiaje kwenye kilo za kahawa.

Nikalipa shilingi 180,000 kwa darasa la jioni la wiki sita, Jumatatu hadi Alhamisi, saa kumi na moja mpaka saa moja. Jina la kituo siliandiki, maana nina la kusifia na nina la kulalamikia, na la kulalamikia nimeshawapelekea wenyewe.

Wiki mbili za mwanzo ni HTML (lugha ya kupanga kurasa za tovuti) na fomu. Zilikuwa sawa, tuziache. Thamani ya fedha yangu niliiona wiki ya tatu, jioni moja tu.

Mwalimu aliandika ubaoni $this akatuuliza tunaelewa nini. Mimi nilidhani ni jina jingine la klasi. Akatusimamisha watatu, akasema kila mmoja ajitambulishe. "Mimi naitwa fulani, natoka Pasua." "Mimi naitwa fulani, natoka Kiborloni." Nami nikasema langu. Akauliza: "Neno 'mimi' ni moja au matatu?" Moja. "Linamtaja nani?" Yule anayelitamka. "Basi dada, $this ndiyo 'mimi' ya obijekti. Klasi imeandikwa mara moja, lakini obijekti yoyote ikifika kwenye mstari ule inajisema yenyewe."

Usiku ule ule niliandika hiki, na hadi leo ndicho moyo wa mfumo wangu:

class Mkulima {
    public $jina;
    public $kilo = 0;
    public static $bei = 5000;

    function __construct($jina) {
        $this->jina = $jina;
    }
    function pokea($kiasi) {
        $this->kilo += $kiasi;
    }
    function malipo() {
        return $this->kilo * self::$bei;
    }
}

Bei ni ya mfano. Ukiandika $m = new Mkulima("Aneth"), kisha $m->pokea(42), ukiita $m->malipo() unapata 210,000. Mkulima mwingine ana kilo zake na hazigusani na za Aneth. Kwenye kaunta buku kosa letu kubwa lilikuwa kuandika kilo za mtu kwenye mstari wa jirani yake, kwa hiyo mtaelewa kwa nini jambo hili lilinigusa.

Kingine nilichokipenda ni kwamba mwalimu hakukubali alama yoyote ipite bila sababu yake. Kwa nini mshale (->), wakati JavaScript na Java zinatumia nukta? Kwa sababu kwenye PHP nukta ina kazi tayari: inaunganisha maneno. Rasmus Lerdorf alipoianza PHP mwaka 1994 hakuwaza obijekti, alikuwa anatengeneza zana za ukurasa wake binafsi. Obijekti zilikuja baadaye, na mfumo wake wa kisasa uliingia na PHP 5, Julai 2004. Nyumba ilishajengwa ndipo chumba kikaongezwa, na ukijua hivyo alama hazikusumbui tena.

Kilichonitesa zaidi ni alama ya dola. Unaandika $this->jina, dola moja tu, mwanzoni. Mimi niliandika $this->$jina = $jina, na laptopu yangu yenye PHP 8.1 haikulalamika hata kidogo. Lakini jina halikuonekana. Kumbe dola ile ya pili inaiambia PHP isome kwanza kilichomo ndani ya $jina, kwa hiyo ilikuwa imeunda sifa mpya iitwayo Aneth! Toleo la 8.2 linatoa onyo kwa kosa hili, nami nawashauri wanaoanza watumie hilo au la juu yake. Halafu ukienda kwenye bei, ambayo ni ya chama kizima na si ya mkulima mmoja, dola inarudi: Mkulima::$bei. Hapo hakuna njia ya mkato, andika mara nyingi mpaka mkono uzoee.

Sasa lalamiko. Kompyuta za kituo zina PHP 5.6, toleo lililoacha kupewa marekebisho ya usalama mwisho wa mwaka 2018. Vitini vyao, fotokopi za siku nyingi, vinafundisha konstrakta (fanksheni, yaani kipande cha amri chenye jina, inayojiendesha obijekti inapoundwa) kwa mtindo wa kale wa kuipa fanksheni jina la klasi, yaani function Mkulima($jina). Darasani ilifanya kazi vizuri. Nyumbani, kwenye PHP 8, fanksheni ile inahesabiwa ya kawaida tu, haijiendeshi pale obijekti inapoundwa. Hakuna kosa linalotokea, wakulima wote wanatoka bila majina. Nilikesha siku mbili nikidhani nimekosea mimi. Jibu nililipata kwenye mwongozo rasmi wa PHP, ambao ni bure mtandaoni na sura yake ya klasi na obijekti imepangwa vizuri sana: andika __construct, mistari miwili ya chini mwanzoni. Mtu aliyelipa ada hastahili kufundishwa kitu kilichoondolewa kwenye lugha tangu PHP 8 ilipotoka Novemba 2020. Mwalimu alinisikiliza, akakubali, akasema kubadilisha kompyuta si uamuzi wake. Namwamini, lakini vitini angeweza kuvirekebisha kwa kalamu.

Uzee wa kompyuta zile ulituletea pia neno la ajabu. Mwenzangu alikosea nukta pacha, skrini ikaandika T_PAAMAYIM_NEKUDOTAYIM. Darasa zima tulidhani ni virusi. Ni Kiebrania cha nukta mbili mara mbili, kimeachwa na Zeev Suraski na Andi Gutmans, Waisraeli walioandika upya injini ya PHP. Matoleo mapya yanakuonyesha :: tu.

Kwa anayeanza kabisa, mwenye kazi mchana, darasa hili nalipendekeza kwa sababu ya yule mwalimu. Ambaye fomu na vigeu anavijua aombe kuingia wiki ya tatu na apunguziwe ada. Mimi sikuuliza, ila mwenzangu mmoja aliuliza akakubaliwa. Na kabla ya kulipa, omba ukae kwenye kompyuta yao moja, fungua dirisha la amri, andika php -v, usome namba ya toleo inayotokea.