TAHADHARI: Ditekta ya dhahabu inalia dukani, ikifika porini inakuwa kiziwi

Wakuu, salaam.

Naandika nikiwa na hasira kidogo na aibu nyingi, maana mimi si mgeni wa mambo haya. Nimezaliwa Chunya. Babu yangu alikuja Lupa, machimbo ya dhahabu ya hukuhuku Chunya, miaka ya 1930 akitokea Rungwe, akafanya kibarua kwa Wazungu waliokuwa wakiosha mchanga wa mtoni, na kwao hakurudi tena. Mimi mwenyewe nikiwa darasa la tatu nilikuwa natoroka shule kwenda kuzungusha karai. Vumbi langu la kwanza la dhahabu nililiweka kwenye kichupa tupu cha sindano ya penisilini, nikalala nacho chini ya mto wiki nzima. Ditekta nimeanza kuishika 2009, za kukodi, kwa mkataba wa nusu kwa nusu: ukiokota gramu 2, moja ya mwenye mashine. Kwa hiyo mtu akiniambia "mzee, umepigwa kwa sababu hujui", nakataa. Nimepigwa huku najua, na ndiyo maana naandika.

Ilikuwa hivi. Mwezi wa tatu niliona tangazo kwenye grupu la WhatsApp la wachimbaji: ditekta ya GPX 5000 "mpya kabisa, mzigo kutoka Dubai", shilingi 6,800,000. Wanaofuatilia wanajua mashine hiyo ya kiwanda cha Minelab ikiwa mpya na halali bei yake huwa juu zaidi ya hapo. Hapo tu ningestuka. Lakini muuzaji alikuwa na maelezo matamu: ameleta kumi kwa mkupuo, kontena moja, za mwisho mbili. Nikauza mpunga, nikaongeza ng'ombe wawili, nikapanda basi la Dar.

Nilimkuta kwenye fremu ghorofa ya pili, Kariakoo. Kijana nadhifu, ananiita "baba", ameagiza na soda. Akaifunga mashine mbele yangu, akanivalisha hedifoni, akaniomba pete yangu ya ndoa. Akaiweka juu ya kiti cha plastiki, akapitisha koili, ile sahani ya chini ya mashine. Ikalia! Akaweka sarafu ya shilingi 200, ikalia. Akaweka sarafu chini ya kitabu cha risiti, ikalia vilevile. Nikatoa hela. Hapo kwenye kulipa nako kulikuwa na ishara: jina lililotokea kwenye simu wakati natuma halikuwa lake. Akasema ni la dada yake anayeshika hesabu. Nikabonyeza moja.

Sasa ngoja niwaeleze kwa nini pete ni mtego, maana hili sikuwahi kulifikiria mpaka yaliponikuta. Ditekta inatuma mapigo ya umeme kwenye koili. Mapigo yale yanajenga uga wa sumaku unaoingia ardhini, metali iliyopo inaamka na umeme wake mdogo, na koili inausikia umeme huo ukififia. Pete ni duara lililofunga, umeme unazunguka humo bila kizuizi. Hata kidude cha laki na nusu wanachotafutia watoto sarafu ufukweni kinaiona. Kipande cha porini hakina umbo hilo. Ni kinundu kama punje ya mahindi iliyotafunwa, kimejaa vishimo, na mara nyingi kina jiwe ndani yake. Tena hakipo hewani juu ya kiti, kipo kwenye udongo wetu mwekundu uliojaa chuma, na udongo huo nao unaitikia sumaku. Kazi yote ya mashine ya mamilioni ni kunyamazisha udongo ili isikie dhahabu. Kwenye vigae vya Kariakoo hakuna udongo wa kunyamazisha, kwa hiyo hapo kila mashine ni hodari.

Nilifika nyumbani usiku, alfajiri nikaenda eneo la jamaa yangu mwenye leseni, upande wa Matundasi. Nikawasha. Mashine isiyo na kasoro ukiiwasha inakupa mluzi mwembamba wa chinichini, umetulia, kama mbu aliye mbali. Ukibonyeza kitufe cha kusawazisha udongo na kupandisha na kushusha koili mara kadhaa, mluzi unatulia zaidi, halafu dhahabu ikipita chini yake unasikia unapanda na kushuka. Hii ya kwangu ilikuwa inapiga kelele kila hatua, kama mbuzi aliyefungwa. Nikasawazisha, kelele. Nikabadilisha mpangilio wa udongo, kelele zilezile. Ile swichi ilikuwa inazunguka tu, haibadilishi chochote. Nikapunguza nguvu mpaka ikanyamaza, na ikanyamaza kwelikweli. Nikafukia kipande changu cha gramu 1.3, kina cha kiganja. Nikapita juu yake mara kumi. Kimya. Jirani akaja na ya kwake ya kukodi, akapita mara moja tu, akasimama akaniangalia, akavua hedifoni akanivalisha mimi. Ilikuwa inaimba.

Hakusema neno. Afadhali angecheka.

Siku ya tatu nilimpata jamaa wa Makongolosi aliyenunua kwa kijana huyohuyo. Tukageuza mashine zetu mbili juu ya meza, tukasoma namba za usajili. Namba ileile, tarakimu kwa tarakimu. Mashine mbili, namba moja. Kitabu cha maelekezo nacho kina makosa ya tahajia ukurasa wa kwanza, na betri ya mgongoni ni nyepesi mno, ukiitikisa kuna kitu kinachezacheza ndani.

Haya si mambo ya Kariakoo peke yake. Mwaka 2015 Codan, kampuni ya Australia yenye Minelab, ilieleza hadharani kwamba kompyuta ya mfanyakazi wake ilidukuliwa kupitia intaneti ya hoteli akiwa safarini China, michoro ya ditekta ikaibwa, na mashine bandia zikaanza kumwagika Afrika. Walilazimika kushusha bei za mashine zao halisi ili kushindana na feki. Faida yao iliporomoka kutoka dola za Australia milioni 45 hadi milioni 9.2 katika mwaka ulioishia Juni 2014. Kwa hiyo mjue anayetuuzia anatokea kwenye mnyororo mrefu, na sisi wa Lupa, Geita na Kahama ndio soko lenyewe. Wao waliibiwa michoro, sisi tunaibiwa ng'ombe.

Kuna na aina ya pili, mbaya kuliko ya kwangu. Mzee mmoja tunayeheshimiana sana aliuziwa kifaa chenye mkono kama wa bastola na antena mbili, kwa milioni 4. Aliambiwa kinaona dhahabu umbali wa mita 100, kina cha mita 30, na kinachagua: unaweka kadi ya dhahabu, fedha au almasi. Antena inajigeuza yenyewe kuelekea mali. Mzee amechimba mashimo matatu yanayozidi kimo cha mtu na mpaka leo anaamini kosa ni lake, hajaitega vizuri.

Wakuu, kwa kipande kidogo, ukiongeza umbali mara mbili sauti inayorudi kwenye koili inapungua kama mara 64. Ndiyo maana mashine bora kabisa duniani, kwa kipande cha gramu 1, tunazungumzia sentimita, hatuzungumzii mita. Vifaa vya antena havina hata koili ya kutuma chochote. Mwingereza James McCormick aliuza vya namna hiyo Iraki kwa jina la ADE 651, eti vinanusa mabomu, na asili yake ilikuwa kichezeo cha kutafutia mipira ya gofu. Watu walikufa kwenye vizuizi vya barabarani wakiviamini. Mwaka 2013 mahakama ya London ilimfunga miaka 10. Ukimwona mtu anakuletea antena inayojigeuza, jua ndugu yake huyo yuko jela au ametoka juzi.

Na hizi zenye kioo kinachochora ardhi kwa rangi nyekundu na kijani, halafu zinakuandikia neno "GOLD"? Hakuna ditekta inayoweza kukuhakikishia kwamba iliyoko chini ni dhahabu. Ya kweli hulilia kizibo cha soda, risasi ya zamani na msumari wa mkoloni. Unachimba, unacheka, unaendelea. Halafu kumbuka mali nyingi ya kwenye mwamba ni unga, ile ya kupeleka karasha mwamba ukasagwe. Huo unga ditekta haiuoni hata iwe halali. Anayekuuzia mashine ya "kupima mwamba" kwa sauti amekuona mjinga.

Mimi sasa nikinunua tena, nitanunua kwa aliyeidhinishwa na kiwanda, na kabla ya kulipa nitawatumia kiwanda namba ya mashine waniambie wenyewe. Ikiwa ni ya mkononi, iliyokwishatumika, nitakwenda na nusu gramu yangu kwenye bomba la plastiki, tutoke nje ya mji hadi kwenye udongo mwekundu, nifukie mimi, sentimita 10, yeye akiwa amegeuka nyuma. Akikataa kutoka nje ya duka, soda nitamlipia mwenyewe niende zangu. Tena nisikilize mluzi ule wa chinichini dakika nzima kabla ya kitu kingine chochote, kwa sababu pale feki wengi wanajifichua.

Nimeshafungua jalada polisi, nina RB. Namba ya simu ya yule muuzaji nimeituma 15040, namba ya kuripoti matapeli wa simu, na haipatikani tena. Fremu niliirudia, nikamkuta mama anauza mitandio, hana habari. Jina silitaji hapa kwa sababu sina hakika hata lile alilonipa ni lake. Juzi mtu wa Mbeya amenifuata anataka kuinunua hiyo mashine kwa milioni 2 "hivyohivyo ilivyo". Nilipomuuliza ya nini, akasema atajua mwenyewe. Nimekata waya wa koili kwa koleo.

Kama umenunua mwaka huu kwenye ghorofa ya pili kwa kijana wa namna hiyo, na risiti yako ina muhuri wa bluu wa mviringo usio na TIN, niandikie faragha na picha ya namba ya mashine. Mpelelezi ameniambia tukifika watano anaunganisha malalamiko kuwa jalada moja. Tuko watatu.