Kapu la kupikia bila moto: makande yanaiva, ila soma hili kabla hujalipa

Nililinunua Nane Nane, viwanja vya Themi hapa Arusha, kwenye banda la kikundi cha akina mama ambao sitawataja kwa sababu nina neno nao. Bei elfu hamsini, saizi kubwa, linaingia sufuria ya lita kumi. Dada aliyekuwa anauza alikuwa anaita wapita njia, "Hili linapika lenyewe, njoo uone!" Halipiki, dada yangu. Nusu ya malalamiko ninayosikia kuhusu makapu haya yanaanzia hapo.

Mimi nauza chakula cha mchana. Wateja wangu ni mafundi gereji na wapiga debe, na wanachonifuatia ni makande. Anayeyapika anajua yanavyokula mkaa: saa tatu jikoni, na sehemu kubwa ya hizo saa tatu unalipia joto linalopotea. Maji yakishachemka hayapandi tena. Hapa kwetu, mwinuko wa mita kama 1,400, yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi na yanabaki hapo hapo hata ukimwaga gunia zima la mkaa. Kuanzia dakika hiyo kazi ya moto ni kurudisha kile kinachotoroka ubavuni mwa sufuria, kwenye mfuniko na kwenye mvuke. Punje ya hindi haijali kama maji yanatokota au yametulia, ili mradi ikae kwenye joto la juu muda wa kutosha. Kwa hiyo unachemsha vizuri, unaepua, unatumbukiza sufuria na mfuniko wake ndani ya kapu, unalaza mto juu, unafunga kamba. Joto ulilolinunua linakaa.

Kapu lenyewe ni kitenge nje, kitambaa cha pamba ndani, na katikati vipande vya sponji ya godoro. Wala sponji si dawa. Kinachozuia joto ni hewa iliyonaswa kwenye vile vitundu vyake. Hewa iliyotulia inapitisha joto kidogo sana. Alumini ya sufuria yako inalipitisha maelfu ya mara zaidi. Lakini hewa hiyo hiyo ikipata nafasi ya kuzunguka inabeba joto na kupanda nalo, na ndiyo sababu sufuria ndogo ndani ya kapu kubwa ni hasara. Uwazi unaobaki pembeni ujaze kanga kuukuu, sweta, chochote kikavu.

Niliazima kipimajoto kwa jirani anayeoka keki nione mwenyewe. Sufuria iliyojaa, niliyoifungia humo saa kumi na mbili asubuhi ikiwa bado inatokota, saa nne ilikuwa haijashuka chini ya 75. Siku nyingine nikaweka lita mbili tu za maharage kwa muda uleule, nikakuta hata 60 hayafiki. Chungu kikubwa kina joto jingi ndani na ngozi ndogo ya kulitolea ukilinganisha na kidogo. Na 60 si suala la ladha: chini ya hapo vijidudu vinaanza kujisikia nyumbani. Kwa familia ya watu wawili watatu, sikushauri kapu la saizi hii. Tafuta dogo linalobana sufuria yako.

Jambo ambalo wauzaji wangepaswa kulisema kabla ya bei: maharage, hasa mekundu, yana sumu yake yakiwa mabichi, na joto la wastani haliiui. Loweka usiku kucha, mwaga maji hayo, kisha yachemshe kwa moto mkali wa kutokota kabla hayajaingia kapuni. Dakika 10 ndicho kiwango cha chini kinachotajwa. Sisi wa milimani, ambao maji yetu yanachemka kabla ya 100, tuzidishe. Mimi yanatokota nusu saa kamili, ndipo naepua. Ukiruka hatua hiyo utawapa wateja tumbo la kutapika, na kapu litasingiziwa.

Maji nayo punguza. Jikoni tumezoea kuongeza kwa sababu ya mvuke. Kapuni hayaendi popote, makande yatatoka supu. Wali vilevile. Asubuhi ikishapita nayarudisha makande jikoni, yachemke tena, naunga kitunguu, nyanya na karanga, napakua. Debe la mkaa sasa linanivusha karibu mara mbili ya zamani, na asubuhi nina mikono miwili ya kufanya mengine.

Sasa neno langu na kikundi.

Kwanza, kitako. Nje ya kapu, pembeni, ukiweka kiganja hukuti kitu, kumepoa kama ukuta. Shika chini: pana uvuguvugu, tena sana. Sponji imesogea taratibu kwenda ubavuni, maana hakuna mshono wa kuigawa vyumba, na katikati ya kitako kimebaki kitambaa juu ya kitambaa. Joto unalolisikia kiganjani ndilo linalokimbia makande yako, na sakafu ya saruji inalinyonya bila huruma. Nimekata duara la godoro la inchi mbili nikaliweka ndani, kisha kapu zima linakaa juu ya kigoda cha mbao. Uvuguvugu umeisha. Ila kwa nini nifanye mimi kazi ya fundi aliyelipwa?

Pili, halina zipu. Makande yakimwagika, na yatamwagika, huwezi kutoa sponji ukafua kitambaa. Unafuta kwa kitambaa chenye maji na kuomba jua. Na usipolikausha, utendaji unaporomoka kabla hata ya harufu kuanza, kwa sababu maji yakishika nafasi ya hewa kwenye vile vitundu, joto linapita zaidi ya mara 20. Mvuke unaotoka kwenye mfuniko mbovu unafanya uharibifu uleule kidogo kidogo. Mfuniko uwe unaoshika. Niliwapigia simu kuhusu zipu, nikaambiwa nisubiri Nane Nane ijayo.

Masizi nayo yanachafua. Sitawalaumu kwa hilo. Anayetumia mkaa afute kitako cha sufuria kwanza.

Kuna matumizi ambayo hawakuyatangaza. Jumapili nikiwa na wageni naweka humo vipande vya barafu kwenye sufuria na chupa za juisi, nafunga kamba, na hadi jioni barafu ipo. Kinachozuia joto kutoka ndicho kinachozuia joto kuingia. Kama unauza mtindi na huna friji, huenda utalipenda kuliko mimi.

Ugali, chapati, vitu vya kukaanga: sahau.

Ukienda kununua, beba sufuria yako uijaribishe ndani. Piga ngumi katikati ya kitako; ukisikia meza, rudisha. Uliza zipu, uliza kama sponji imeshonewa vyumba, na angalia mto wa juu usiwe mwembamba kuliko pembeni, kwa sababu mvuke na hewa ya moto vinakimbilia juu. Lenye vyote hivyo, elfu hamsini ni bei ya haki. Lisilo navyo, mwambie akupunguzie hela ya godoro.