Mashine ya kwanza ya kuchomelea: kabla ya kuuliza ampea, shika kibano cha ethi

Miezi minne nzima niliamini sina mkono wa kuchomelea. Nilinunua mashine hapa Arusha mjini kwa shilingi 190,000, nikitaka kujitengenezea mabanda ya kuku badala ya kila wiki kumbembeleza fundi. Kila nikigusa chuma, rodi, kile kijiti cha kuchomelea, inanasa. Nikiivuta inang'oka na ganda lake, nikirudia cheche zinaruka kidogo kisha zinakata, na mshono unabaki vidonge vidonge kama kinyesi cha mbuzi. Nikiongeza ampea, natoboa paipu. Nikipunguza, rodi inanasa tena.

Mwishowe niliibeba mpaka mtaa wa Unga Limited kwa kijana mmoja anayetengeneza mageti. Hakugusa hata kitufe cha ampea. Alishika kibano cha ethi, ile koleo unayoibana kwenye chuma unachochomelea, akakibonyeza kwa vidole viwili na kikafunguka bila ubishi. "Mama, mkono wako hauna shida," akaniambia. "Umeme wako hauna pa kurudia." Akakwangua kutu kwenye paipu, akabana kibano chake mwenyewe, kizito cha shaba, akanipa holda, kile kishikio cha rodi. Rodi ile ile, paipu ile ile, na mshono ukalala. Machozi yalinitoka ndani ya barakoa.

Tangu nianze kusimulia kisa hiki, nimepata ujumbe mwingi wa aina moja. Ulioniuma zaidi ni wa kijana wa Pasua, Moshi, aliyemaliza kozi fupi ya kuchomelea, akanunua mashine yake na wiki hiyo alikuwa anatafuta wa kumuuzia. "Dada, chuoni nilikuwa naweza, nyumbani siwezi." Nilimwomba picha ya kibano. Bati limekunjwa, springi imelegea, na waya umefungwa kwenye taya moja tu.

Kwa hiyo hapa, ninapokushauri mashine ya kununua, sitaongelea uzito wala kioo cha namba zinazowaka. Hayo muuzaji atakueleza mwenyewe bila kuombwa.

Umeme wa kuchomelea ni mzunguko. Unatoka kwenye mashine, unapita holda, rodi, chuma, kibano, na kurudi ulikotoka. Rodi ya milimita 2.5, ambayo mafundi wanaiita geji 12 na ndiyo ya kujifunzia, inataka kama ampea 70 hadi 90. Ampea zote hizo zinapita kwenye meno ya kibano. Meno yakigusa chuma kwa ncha mbili tatu tu, joto linazalika pale badala ya kwenye ncha ya rodi, na anayejifunza anaona rodi inanasa, anaulaumu mkono wake.

Kibano kizuri kina ukanda wa shaba unaounganisha taya mbili ili zote zipitishe umeme. Kibovu hakina, umeme unapita taya moja na kubahatisha kwenye springi. Nenda na sumaku: kama taya ni za shaba kweli, haitashika. Nenda na wembe pia, kwa ajili ya waya. Kwangua uzi mmoja mwishoni mwa waya. Ukiwa mwekundu mpaka ndani, ni shaba. Ukiona weupe, ni alumini iliyopakwa shaba juu, na alumini inapitisha umeme kwa takriban asilimia 60 tu ya uwezo wa shaba. Ili ifanane na shaba ingebidi iwe nene zaidi, lakini hao wanaoiweka ndio hao hao wanaoifanya nyembamba. Ukishainunua mashine, choma rodi tatu mfululizo, zima mashine, kamata waya. Ukikuunguza kiganja, waya ndiyo tatizo lako.

Sasa mashine zenyewe. Namba moja kwangu ni chapa ya Ingco, inveta (mashine nyepesi ya kielektroniki) ndogo ya ampea 160 hivi. Naipenda na sifichi. Ndiyo niliyonayo sasa, cheche inawaka kwa mguso mmoja, na sijawahi kuhangaika kupata holda au plagi yake ya waya hapa mjini. Hata hivyo, kibano kilichokuja nayo nilikibadilisha. Nilinunua cha shaba na mita tatu za waya wa shaba wa milimita za mraba 25, na ndipo nikaijua mashine yangu. Hesabu gharama hiyo tangu mwanzo. Total, chapa nyingine ya inveta, naiweka karibu yake sana. Ukiipata yenye kibano kizuri kuliko Ingco iliyopo dukani siku hiyo, chukua Total.

Namba mbili ni mashine ya koili, inayosukwa na mafundi wetu. Ni nzito, inakula umeme wa LUKU, na kwa kuwa ni ya AC, yaani umeme wake unageukageuka mwelekeo, kuwasha cheche kunataka mazoea, kwa hiyo shika rodi za aina ya 6013. Ila waliosuka mashine hizo wanazichomelea wenyewe mchana kutwa, ndiyo maana waya zake ni nene na vibano vinauma chuma kama mamba. Ikifa inasukwa upya. Ukiwa na fundi unayemwamini, usiidharau.

ESAB ni kampuni iliyoanzishwa Uswidi mwaka 1904, na mwanzilishi wake Oscar Kjellberg ndiye aliyebuni rodi yenye ganda. Kwa mashine ya kujifunzia bei yake inatisha, lakini rodi zao za OK 46.00 nunua ukiweza, pakiti iliyofungwa, hasa msimu wa masika, maana rodi iliyonyonya unyevu inasumbua hata mkono uliokomaa.

Zile zisizo na jina, za rangi za kung'aa: kama pesa ndiyo iliyopo, nunua, kisha tupa kibano na waya wake siku hiyo hiyo.

Kinachoniudhi ni uongo wa namba. Mashine unaibeba kwa kidole kimoja, ubavuni imeandikwa 300. Ampea 300 kwa volti 32 za cheche ni wati 9,600. Plagi ya ukutani ya 13A kwa volti 230 inatoa kama wati 3,000. Hizo nyingine zinatoka wapi? Nilimuuliza muuzaji mmoja swali hili, akaniambia nimlete mume wangu tuelewane. Mwingine alinitajia bei, akaingia mwanaume nyuma yangu akaulizia mashine ile ile, akatajiwa pungufu kwa elfu thelathini, nikiwa nimesimama pale pale. Na karibu kila duka boksi limefungwa nailoni: "ukifungua umenunua." Mtu anatoa akiba ya miezi mitatu kwa kitu ambacho hajaruhusiwa kukishika!

Siku hizi naingia na sumaku na wembe kwenye mkoba, naomba boksi lifunguliwe kabla ya kuuliza bei. Wiki mbili zilizopita nilikwenda hivyo na jirani yangu. Maduka matatu yalikataa. La nne, mzee mwenye duka alifungua mwenyewe, akashika kibano, akakitazama muda, akaingia stoo na kutuletea kingine.